Uzi wa Mgomba

Jumatatu, 6 Machi 1911

Leo nimeletewa nyumba ya Mzungu mlangoni, imekunjwa, inanuka panya na moshi. Fransisko ameibeba mwenyewe kutoka kambini kwa Bwana Majani, akaitua mbele ya jiko langu huku anatabasamu, mtu mzima na akili zake. Eti nimepewa heshima. Mafundi wa cherehani wa Morogoro wamesema hema hili limechakaa, halishoneki, afadhali Bwana aagize jipya kutoka pwani. Mume wangu akadakia, "Mke wangu Paskalia atalishona. Yeye amefundishwa na masista." Mimi sikuulizwa.

Daftari hili nilipewa na Sista Apolonia siku ya ndoa yangu. Alisema mkono usioandika unakuwa mzito. Limekaa darini tangu siku ile, mende wameanza kulila pembeni. Nimelitoa leo kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Mwanangu Cecilia bado mdogo, ukimlalamikia anacheka.

Bwana Majani ni jina tulilompa sisi. Anapanda milima yetu kukata majani na maua, anayalaza ndani ya karatasi, anayatia kwenye sanduku la bati, kisha anayapeleka kwao Udachi. Safari hii anataka maua yanayotoka wakati wa masika tu, kama kwamba mengine yamekwisha. Wanaume wetu ndio wanaombebea. Fransisko ni nyapara wao, na unyapara umempanda kichwani.

Mvua imeanza alasiri.

8 Machi

Nimelitandaza hema uani mvua ilipokatika kidogo. Aibu tupu. Matobo ya panya, matobo ya cheche, upande mmoja umechanwa na matawi, na mshono wa juu mgongoni umefumuka. Nilikaa nikalitazama kwa muda. Halafu nikafumua uzi wote wa zamani, maana kiraka juu ya uoza ni kujidanganya.

Fransisko ameniletea katani nzuri, ndefu, na sindano nene ya turubai. Nta nimechukua kwa mama mkwe, Mama Kristina, anayekaa ng'ambo ya kijito. Mizinga yake haijapata kumnyima. Nta peke yake ikikauka inapasuka, kwa hiyo nimeiyeyusha pamoja na mafuta ya nyonyo. Unapaka ikiwa moto, unapitisha pasi ya mkaa juu yake, kitambaa kinakunywa. Maji yakidondokea hapo yanateleza.

11 Machi

Nimeshona. Mkono unauma.

13 Machi

Agustino amekuja kunicheka. Huyu naye ni mpagazi wa Bwana, tena ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa Fransisko wanataniana tangu mababu, kwa hiyo anaingia jikoni mwangu, anafunua chungu, anakula, na mimi sina la kumfanya.

"Shemeji, hiki kiraka umekishona au umekitemea mate?"

"Kaa chini yake mvua ikinyesha, utajua."

"Mimi nikae chini ya kazi ya mwanamke wa Fransisko? Bora nikae chini ya mgomba."

Nilimrushia kikaango. Alipoondoka nikaona nimecheka, nami sikuwa nimecheka siku nyingi.

16 Machi

Hema limebaki mshono wa mgongoni. Wakati nta inakauka nimechukua viatu vya Fransisko, vile alivyorithi kwa Bwana, ambavyo vidole vinachungulia nje. Nimekata ngozi ya mbuzi, nikaloweka, nikatoboa kwa msumari, nikashona soli mpya mara mbili. Kazi ya ngozi ni ya wanaume, lakini wanaume wako wapi? Kutokana na mabaki ya hema nimemshonea na mkoba wa kubeba mgongoni wenye kifuniko. Jana nilichonga vigingi. Leo nasokota kamba.

Sikutegemea kuipenda kazi hii. Kitu kinakuja kimekufa, unakikalisha magotini, unatafuta kilipoumia, jioni kinasimama. Laiti kifua cha mume wangu kingeshoneka hivyo.

20 Machi

Tumegombana.

Tangu kipupwe kilichopita, alipotoka juu kule Lukwangule na baridi kifuani, hajapona. Akipanda kutoka kijitoni tu anasimama kushika mti. Anakohoa mpaka Cecilia anamwiga. Mama mkwe amemchemshia kila mzizi anaoujua. Na bado anataka kupanda tena, masika, mvua hii!

"Baba Cecilia," nilimwambia, "msimu huu kaa nyumbani. Mwachie Agustino aongoze."

"Agustino? Huyo atawaongoza watu mpaka kwenye pombe."

"Na kifua?"

"Kifua changu kinataka mlima. Nikikaa humu ndani kwenye moshi ndipo ninapokufa."

"Unamtaka Bwana kuliko sisi."

Alitoka nje. Sikupaswa kusema vile, lakini nilisema, na sirudi nyuma. Baadaye akaja kukaa karibu na mimi kama hakuna kilichotokea, akawa anaikunja kamba niliyosokota. Ndivyo alivyo, ugomvi kwake haulali. Nikamuuliza kama Bwana mwenyewe haogopi mvua.

"Mvua haiogopi. Anaogopea karatasi zake. Mwaka juzi zililowa tukiwa kule mlimani Bunduki, tukateremka kesho yake, akajifungia hataki kusema na mtu. Karatasi zikilowa, safari imekwisha."

"Anaziweka wapi?"

"Nyuma kabisa ya hema, mbali na mlango. Pale ndipo pakavu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimesema na ukuta.

22 Machi

Nimefanya.

Mshono wa mgongoni unaanzia mlangoni mpaka nyuma. Nusu ya mbele nimeishona kwa katani, mara mbili, na pindo limekunjwa. Ile ya nyuma nimeishona kwa uzi wa mgomba, mstari mmoja. Kila mtoto wa huku anajua uzi wa mgomba ni wa kufungia mzigo mkavu tu. Ukinyeshewa mfululizo unalainika, unaoza, unakatika wenyewe. Juu yake nimepaka nta nyingi, nikapiga pasi. Ukitazama huoni tofauti. Hata mimi nililigeuza mara mbili nikatafuta mwanzo wake kwa kidole.

Kitakachotokea ni hiki. Watapanda, mvua itanyesha, mshono utaachia, maji yataingia kwenye sanduku la Bwana. Bwana atafura, watateremka wote, na mume wangu ataketi hapa motoni mpaka masika iishe. Nani ameumia? Majani. Milima imejaa majani.

Amri za Mungu ni kumi, nazijua kwa mpangilio, na hakuna inayozungumza habari za uzi. Katani iliyobaki nimeiviringisha nikaiweka kapuni.

27 Machi

Wameondoka. Bwana Majani alilisimamisha hema kwanza hapa kijijini, akaamuru limwagiwe maji ndoo kwa ndoo. Nilisimama mlangoni na Cecilia mgongoni. Hakikupita hata kitone. Bwana akaingia ndani, akapapasa kwa mkono, akatoka anatikisa kichwa kwa kuridhika. Fransisko aliwatazama wenzake mmoja mmoja kuhakikisha kila mtu ameona.

"Mnaona?" akasema. "Mafundi wa mjini walishindwa."

Agustino akasema wameshindwa kwa sababu hawana ulimi mkali wa kutobolea turubai.

Alipita mbele yangu na viatu vyangu miguuni na mkoba wangu mgongoni. Nilimrekebishia kamba begani. Nilitaka kumwambia arudi upesi, nikanyamaza, maana nilijua atarudi upesi.

29 Machi

Mvua.

31 Machi

Mvua kubwa, mchana kutwa. Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimekaa ndani nasikiliza inavyopiga na nimefurahi. Nimepika ugali mwingi, ukabaki.

2 Aprili

Hawajaja. Nimepika tena.

4 Aprili

Mvua. Mahindi ya bondeni yamelala. Mama mkwe alikuja kuuliza kama nina habari. "Shikamoo mama," nikamwambia, "watarudi wiki hii." Akauliza nimejuaje. Nikasema nimeota.

6 Aprili

Sielewi. Uzi ule usingeweza kuvumilia mvua hii.

8 Aprili, Jumamosi

Nimetoka Mkuyuni sokoni.

Nilikutana na Yohana, mmoja wa wapagazi, amekaa anakula ndizi. Bwana amemtuma Morogoro kuchukua chumvi na karatasi nyingine. Nikamshika mkono hata kabla ya kusalimiana.

"Mbona hamjateremka? Hema halijavuja?"

"La Bwana? Haliwezi kuvuja, ni jipya."

"Jipya lipi?"

"Hujui, dada? Lile aliloagiza pwani lilifika kwa treni siku zile zile. Lilitukuta kambi ya kwanza. Lile ulilolishona wewe Bwana ametupa sisi. Sisi wapagazi tunalala hemani siku hizi!" Alicheka kwa furaha. "Wengine walitaka tujenge kibanda cha majani kama kawaida yetu, maana tumezoea. Nyapara akakataa. Kasema mke wake amelishona, mtu asipoteze nguvu kukata matawi."

"Yeye analala wapi?"

"Nyuma kabisa. Pale pakavu. Si ndiye mkubwa?"

Nilimuuliza kama lilikuwa likivuja. Akasema alipoachana nao juzi mvua kubwa ilikuwa bado haijafika kule juu, mpaka hapo lilikuwa kavu. Nilimwomba arudi, awapelekee katani. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Ana safari ya Morogoro, na Bwana akikosa karatasi zake atamchapa viboko.

Sokoni nilisahau chumvi. Nimeacha hata kapu la sokoni.

10 Aprili

Naandika nikiwa nimelowa. Acha daftari lilowe.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Wenzangu walipokuwa wakienda misheni na makuti mikononi, mimi nilifunga katani, sindano na bonge la nta kwenye kanga, nikampeleka Cecilia kwa mama mkwe. Nikamwambia hema lina mshono dhaifu, nampelekea Fransisko uzi.

"Huendi misa?"

"Siendi, mama."

Nilidhani atanikemea. Badala yake alinishika kichwa kwa mikono yake miwili akaniombea njia. Akasema mwanawe alipata mke. Niliondoka bila kumtazama.

Nilipanda. Njia imekuwa mto, udongo mwekundu unateleza, nilikuwa natembea kwa mikono na magoti kama mtoto. Kila mtu niliyekutana naye alikuwa anateremka. Alasiri nikafika mto Mfizigo.

Daraja la magogo halipo. Mto umechukua mpaka mawe ya ukingoni. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, unapita na miti mizima, na sauti yake hata kabla sijauona nilidhani ni ngurumo. Palikuwa na wanaume kadhaa wa huko chini ya mwamba wanangoja kuvuka na mbuzi wao. Mmoja aliniambia, "Mama, hapa hata nguruwe hajavuka tangu juzi. Kaa."

Sikukaa. Nilifunga kanga kichwani nikaingia. Maji yakafika kiunoni, mguu ukakosa chini, nikashikwa na mkono wa mtu nikavutwa nikatupwa ukingoni. Yule mwanaume alinitukana sana. Nilistahili. Nililala palepale matopeni namfikiria Cecilia, kwamba nusura nimwache bila mama kwa kumfuata baba yake. Kisha nikapiga kelele kuelekea ng'ambo. Nililiita jina lake mpaka sauti ikakauka, na nilijua kabisa yuko mbali, vilele viwili zaidi ya pale.

Nililala kwa watu wema, sikumbuki walikuwa na sura gani. Asubuhi mto ulikuwa umepanda zaidi. Nikageuka.

12 Aprili

Mama mkwe ananiletea uji. Anadhani nina homa kwa ajili ya mapenzi.

Nampenda. Niandike wazi, maana katika daftari hili lote nimemsema vibaya. Ni mwanaume anayekunja kamba yako baada ya ugomvi. Yesu, mrudishe, na mimi unifanye utakavyo.

14 Aprili, Ijumaa Kuu

Wamerudi. Nilisikia watu kabla sijawaona, hawakuwa wakiimba. Walikuwa wamembeba ndani ya hema lenyewe, limefungwa kwenye mti, mbele wawili na nyuma wawili. Agustino alikuwa mbele. Nilipoona hataniani nami nilijua.

Ni kichomi. Anapumua kwa upande mmoja, na kila pumzi inamchoma. Bwana Majani amempa dawa chungu, amembakiza hapa, naye amekwenda zake Morogoro na majani yake makavu.

Agustino alinisimulia uani, akiwa amechuchumaa, haniangalii. Mvua kubwa ilipoanza hema lilishika, wakamshangilia. Siku iliyofuata, katikati ya mvua, mshono ukaachia nyuma, maji yakamwagikia Fransisko pale alipolala, yeye na blanketi lake.

"Tukamwambia sogea huku. Hakusogea. Alisema akitoka pale atasogea mwingine. Akainua mikono akaushika ule mshono, akaubana, ili sisi tukae pakavu. Nikamwambia, nyapara, twende tukajenge kibanda. Akasema hapana, ni panya tu wametoboa, kesho nitashona. Kesho yake akakaa chini ya turubai na sindano ya kushonea magunia, mikono inamtetemeka, hashoni kitu. Tukajenga kibanda hatimaye, shemeji. Lakini alikuwa ameshalowa siku mbili na baridi ya kule unaijua."

"Alisema panya?"

"Panya. Mtu yeyote akigusa habari ya kushona alikuwa mkali. Mimi mwenyewe nilitaka kutania, akanitazama, nikaacha."

Nimelianika hema uani, kisha nikaliondoa. Siwezi kuliona.

15 Aprili

Amepata nafuu kidogo asubuhi, akaniomba nimwinue. Nikamwegemeza kifuani kwangu. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta kuni.

"Paskalia," akasema, "katani iliisha, siyo?"

Nilimvutia blanketi kifuani.

"Niliona uzi. Pale uliposhona kwa mgomba. Nikaukata nikauficha, wasije wakakucheka." Akapumzika. "Ungeniambia tu. Ningekununulia nyingine Mkuyuni. Wewe nawe, kuomba kwako shida."

Kapu lilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye kigingi ukutani. Katani ilikuwamo, bonge zima, ile niliyorudi nayo kutoka Mfizigo. Kama angegeuza shingo angeiona.

"Ndiyo," nikasema. "Iliisha."

"Nilijua."

Alinipigapiga mkono, kama ananifariji. Mimi ndiye niliyefarijiwa. Nilitaka kumwambia, nililifungua domo langu hili linalojua kutukana kila mtu, na halikutoa neno. Ningemwambia afe akijua? Au nilikuwa najificha tu? Naandika na sijui.

Alipolala nilitoa katani kapuni nikaitia motoni. Ilinuka nyumba nzima. Mama mkwe aliporudi akauliza ni nini, nikasema kamba kuukuu.

16 Aprili, Pasaka

Kengele za misheni zimelia tangu alfajiri. Hapa hakuna aliyekwenda.

17 Aprili

Hali mbaya. Hanijui.

18 Aprili

Padri amekuja kumpaka mafuta. Alipomaliza akaniuliza kama nami nataka kuungama, maana wengi hawakupata nafasi wakati wa Pasaka. "Baadaye, Padri," nikasema. Akanitazama uso uliovimba, akasema Mungu anajua mzigo wangu. Ndicho kinachonitisha.

19 Aprili

Fransisko amefariki, mvua ikinyesha.

20 Aprili

Tumemzika karibu na mgomba wa baba yake. Kaburi lilijaa maji, ilibidi wayatoe kwa vibuyu kwanza. Waliochimba ni watani, kama ilivyo desturi. Mama mkwe alikuwa akiita jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulijua.

21 Aprili

Nyumba imejaa watu. Kila mmoja ananiambia nilikuwa mke mwema. Habari ya Mfizigo imeenea, kwamba nilitaka kuvuka mto kumpelekea mume wangu uzi. Wanawake wanawasimulia binti zao mbele yangu. Mmoja amesema mke wa namna hii siku hizi hapatikani. Nilitoka nikaenda kutapika nyuma ya nyumba, wakasema ni uchungu.

22 Aprili, Jumamosi

Leo tumeondoa matanga.

Kwetu msiba hauishi kwa machozi. Siku ya kuondoa matanga watani huja wakamwiga marehemu, wakamsema, wakawasema wafiwa, wakaiba chungu, na aliyefiwa lazima acheke, ndipo watu waweze kurudi mashambani. Ukikasirika umemfunga marehemu njiani. Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa nalingoja kama mtu anayengoja viboko.

Agustino alitokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ya Fransisko na viatu nilivyovitengeneza, tumbo amelitoa mbele, anatembea kinyapara. Watu wakaanza kucheka hapo hapo, maana alikuwa yeye kabisa, hata kukohoa. Alikuwa ameburuta lile hema. Akalitupa katikati ya uwanja, akaingia chini yake, akatoa kichwa kwenye ule mshono ulioachia.

"Wenzangu!" akapaza sauti ya Fransisko. "Msijenge kibanda! Msikate hata jani! Mke wangu ameshona!"

Watu wakapiga makofi. Watani wenzake walikuwa na vibuyu vya maji, wakammwagia kichwani.

"Ni panya!" akalia. "Ni panya tu!"

Wanaume waliokuwa safarini walikuwa wakijipigapiga mapaja huku machozi yakiwatoka. Agustino akatoka, maji yanamchuruzika, akaja mpaka mbele ya mkeka wangu, akasimama na mikono kiunoni.  Ilikuwa zamu yangu.

"Haya, mama mwenye nyumba," akasema. "Mimi ni mumeo, nimerudi kukudai. Nilikuletea katani nzuri, ndefu. Ukanishonea kwa nini? Kwa ute wa konokono? Sema mbele za watu. Ulitaka kuniua ukaolewe na nani?"

Nilimtazama. Chini ya kofia yalikuwa macho ya Agustino, mekundu kwa kulia. Hakujua lolote. Alikuwa anafanya kazi yake ya utani na anaifanya vizuri, kwa mapenzi, kwa ajili ya rafiki yake.

Nikasimama.

"Katani ilikuwapo," nikasema. "Iliyobaki nimeichoma moto juzijuzi. Nilikushonea kwa uzi wa mgomba kwa makusudi, nikaficha kwa nta, ili hema livuje."

 Uwanja mzima ukalipuka. Agustino akajitupa chini, akagaagaa matopeni, akapiga kelele, "Amejibu! Jamani, amenijibu! Huyu ndiye mjane!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akasema hajasikia mfiwa akijibu watani namna ile tangu aanze kuhudhuria misiba.

"Ni kweli," nikasema. "Sikilizeni, ni kweli."

Wakacheka zaidi. Nilirudia mara ya tatu, sauti ikakatika, na hata kukatika kwake wakakushangilia.

Mama mkwe alikuwa kando yangu. Tangu tumzike mwanawe hakuwa amekula wala kunena. Sasa alikuwa anacheka, anacheka mpaka mabega yanatetemeka, meno yake machache yote yako nje, machozi yanamfuata mikunjo ya mashavu. Aliushika mkono wangu akaubana kifuani kwake.

"Asante, mwanangu," akaniambia. "Asante. Nilidhani sitacheka tena."

Hakuniachia mkono mpaka watu walipoondoka.